Masika Iko Hapa

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Wengine mliniuliza Jumamosi ukumbini, mbele ya wote, tulipokuwa tukisomeana hadithi zetu. Wengine mlinivuta pembeni mlangoni pa kanisa. Na mmoja, simtaji, hakuuliza kitu. Alikitazama tu kidole changu cha pete. Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kubishana. Basi someni safari nzima, toka Bunia mpaka baharini na kurudi. Mambo ya pasipoti na tiketi nimeyaruka. Mjue tu kwamba nilisafiri kwa wivu. Magari na mashua vilinisindikiza.

Kabla ya kuondoka: sauti tatu

Kambale wengi wenu mnamjua. Kwa waliojiunga nasi karibuni: ni mchumba wangu, mtu wa kahawa, mtoto wa familia iliyohamia Bunia kutoka Butembo. Kwa kabila lake, Wanande, mtoto hachaguliwi jina. Jina linamngoja kwenye foleni. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili. Binti wa kwanza ni Masika. Hapa Bunia hata sisi tusio Wanande tunalijua jambo hilo, maana hakuna mtaa usio na Masika wake: Masika wa duka la vitenge, Masika wa kwaya, Masika wa saluni.

Mjomba wake Kambale ananunua kahawa milimani Kpandroma. Kahawa hiyo inashuka kwa malori, inapita Uganda na Kenya, inalala ghalani Mombasa ikingoja meli. Kambale alitumwa kuilinda huko kwa muda mfupi, akapanga chumba Likoni. Muda mfupi ukaota mizizi. Arusi yetu ilikuwa imepangwa baada ya Pasaka, shangazi zake walikwisha kuja nyumbani, mama yangu alikwisha kuchagua kitenge. Ndipo zikaanza kunifikia sauti zake kwenye telefoni.

Ya kwanza: "Espe, huku joto inatuua. Watu wote tunangojea Masika. Imechelewa mwaka huu."

Ya pili, na nyuma yake watu wanapiga kelele za furaha: "Masika imefika! Tumetoka nje wote, tumecheza kama watoto. Ungeona namna ilikuja, ungeandika kitabu!"

Ya tatu: "Arusi ingoje kidogo, bibi yangu. Masika iko hapa, hainipe nafasi. Ikiondoka tu, na mimi narudia."

Mtasema: mwandishi mzima, hukusikia ile "imefika", ile "ikiondoka"? Ndugu zangu, mnasahau tunavyosema nyumbani. Mama iko sokoni, sufuria iko motoni, pasta iko mugonjwa. Kwetu mtu na sufuria wanagawana kiambishi kimoja na hakuna anayelalamika. Kambale alikuwa akisema nami lugha ya nyumbani, nami nilimsikia kwa masikio ya nyumbani. Nilisikia jina la mwanamke.

Na mwandishi wa riwaya akipewa jina tu, anamjengea mtu mzima. Masika nilimpa shingo ndefu. Nilimpa kanga ya rangi ya machungwa na kicheko cha chini chini, cha mtu ambaye hajawahi kusubiri chochote. Nilimpa namna ya kuchelewa na bado akapokewa kwa ngoma. Alikuwa mhusika bora kuliko wote niliowahi kuwaumba, na hilo nalo liliniuma.

Sikumjibu Kambale. Nilifunga begi.

Bunia hadi Tchomia

Asubuhi ya kuondoka Bunia ilikuwa na ubaridi wa baada ya mvua, mabati yakitoa mvuke, udongo mwekundu ukinata kwenye viatu. Barabara ya kwenda ziwani inashuka kwa mizunguko. Unatoka na sweta, unafika na jasho. Kwenye kila kona ziwa lilionekana kidogo, kisha kilima kikalificha tena, kama mtu anayekuonyesha barua bila kukuruhusu uisome.

Tchomia nilidhani nitapanda mashua mara moja. Upepo ulikuwa na maoni mengine. Mawimbi yalikuja meupe, na nahodha akaketi juu ya mtungi wa mafuta, akakunja mikono.

"Ziwa imekasirika," alisema.

"Itatulia saa ngapi?"

"Dada, weye ukikasirika unatoaka saa?"

Wanawake waliokaanga samaki karibu na maji wakacheka. Niliona haya, maana nahodha alikuwa amenisoma bila kujua. Nikanunua kipande cha samaki kapitene na bugali ya muhogo, nikatafuta pa kukaa. Pembeni alikaa mama mmoja mnene, amekalia kiti chake mwenyewe, kidogo, cha plastiki ya buluu, na miguuni pake mabegi makubwa matatu. Alinisogezea begi moja nilikalie.

"Keti, binti. Ni nguo tu, haivunjike. Weye ni wa nani?"

Nikamweleza mimi ni wa nani. Yeye watu walimwita Mama Gloire, kwa jina la kifungua mimba wake. Alikuwa mfanyabiashara, aliyezoea Kampala na Nairobi kama sisi tulivyozoea soko kuu. Safari hii alikuwa anafika mpaka Mombasa kwa mara ya kwanza, kuangalia kontena lake.

"Na miye naenda Mombasa," nilisema. "Kumuona muchumba."

"Anajua kama unakuja?"

"Hapana."

Mama Gloire alitoa mwiba wa samaki mdomoni taratibu, akautazama, akautupa.

"Basi hauendi kumuona," alisema. "Unaenda kumukamata."

Ziwani

Tulivuka kesho yake asubuhi, maji yakiwa yamelala kabisa, rangi ya bati jipya. Nilimwonea wivu nahodha, aliyelijua ziwa lake vizuri kiasi cha kujua lini aliache. Mimi mtu wangu sikumjua hata kwa kiasi hicho. Nilizisikiliza tena zile sauti tatu, telefoni nimeibana sikioni chini ya kitenge. "Ungeona namna ilikuja." Kambale hajawahi kuniambia hivyo kuhusu mimi. Siku niliyotoka Kisangani baada ya masomo alinipokea kituoni kwa swali la mizigo.

Mama Gloire alinipa ndizi ya kukaanga, akafunga macho, akaomba kwa sauti kubwa mpaka tulipogusa Ntoroko. Huko upande wa Uganda watu walitusalimu kwa lugha nyingine, na hewa ilikuwa ileile.

Kutoka Kampala hadi mpakani

Kampala tulilala, tukala katogo, ndizi na nyama sufuria moja, chakula kinachomfanya mtu asamehe mambo madogo. Langu halikuwa dogo. Ndani ya basi la Nairobi nilishindwa kuvumilia. Nilimweleza Mama Gloire yote: kahawa, arusi, sauti tatu. Jina tu ndilo sikulitaja. Nilisema "yule mwanamke", maana kila nilipojaribu kulitamka jina, ulimi wangu ulikuwa kama umekanyaga kaa la moto.

Mama Gloire alisikiliza kwa mwili mzima.

"Walicheza nje?"

"Kama watoto, Mama. Alisema mwenyewe."

"Na yeye iko inamuzuia kurudi."

"Haimupe nafasi."

"Huyo mwanamuke," alisema, akifunga chupa yake ya chai kwa nguvu, "tutamuona uso kwa uso. Kontena yangu inaweza kungoja. Chuma haina muchumba."

Tulifika mpakani mchana, jua likiwa kali. Tukapangwa foleni, na ofisa akaanza kuita majina kutoka kwenye rundo la pasipoti. Akaita la kwangu. Akaita mengine. Kisha akainua sauti:

"Masika!"

Niligeuka kumtafuta yule mwenye shingo ndefu. Nilitafuta kanga ya rangi ya machungwa. Aliyeinuka alikuwa Mama Gloire, kiti chake cha buluu mkononi.

"Niko," alisema, akapokea pasipoti yake, akarudi. Aliponiona, alisimama. "Ju ya nini unaniangalia hivyo? Umeona mufu?"

"Mama, weye ni Masika?"

"Ni jina yangu ya nyumbani. Miye mutoto mwanamuke wa kwanza kwa baba yangu. Kwani?"

"Yule mwanamke," nilisema. "Na yeye ni Masika."

Mama Gloire aliweka kiti chini, palepale katikati ya foleni, akakikalia. Watu walituzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Nilifikiri atacheka, atasema Masika wako wengi, nisihukumu. Lakini uso wake ulikuwa umeingia giza.

"Binti ya kwanza," alisema hatimaye. "Binti ya kwanza ndiye analea wadogo zake! Anapikia wageni! Sasa huyu anaenda mpaka kwenye bahari kunyanganya watu mabwana, na jina yetu juu ya kichwa!" Alisimama. "Likoni ni wapi? Unajua nyumba?"

"Najua mtaa. Najua jina la mwenye nyumba."

"Inatosha."

Kuanzia hapo nilisafiri na mtu mwenye hasira kuliko mimi. Nitakiri jambo: hata hilo nilimwonea wivu. Hasira yake ilikuwa safi, imenyooka. Yangu ilikuwa imejaa shingo na kanga.

Nairobi, ambako nilitukana mtu kwa heshima

Nairobi hatukukaa, lakini nilipata muda wa kukosa adabu. Kwenye kibanda cha chai karibu na kituo palikuwa na mwanamke mkubwa kwangu kidogo, amevaa aproni safi. Nikamwambia kwa unyenyekevu wote niliofundishwa na mama yangu:

"Yaya, unipatie chai."

Aliweka birika chini. "Umeniita nani?"

"Yaya."

"Mimi nimelea mtoto wako lini? Ama nimekaa kama mtu wa kufua nepi?"

Wateja walituangalia. Nilieleza, huku nikigugumia, kwamba kwetu yaya ni dada mkubwa, mtu wa kuheshimiwa, kwamba mimi mwenyewe wadogo zangu wananiita yaya. Alinikazia macho, akiamua kama niaminike.

"Kwenu wapi?"

"Bunia. Kongo."

"Na Kiswahili chenu kinaita dada yaya?" Akatikisa kichwa, akamimina chai, akaongeza andazi ambalo sikuliagiza. "Haya basi, mdogo wangu. Kunywa. Lakini usimwambie hivyo mwingine, utamwagiwa maji."

Mama Gloire alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikula andazi na kufikiria jinsi neno linavyoweza kuvuka mipaka miwili na kushuka likiwa limevaa nguo za mtu mwingine. Niliona ni wazo zuri la kuandikia insha. Kulitumia kwa jambo langu mwenyewe hakukunijia akilini.

"Mnashuka pwani?" aliuliza yule dada tulipoinuka. "Poleni. Huko kumeharibika, mvua si mvua."

Sikuuliza zaidi. Mvua haikuwa shida yangu.

Kushuka

Basi liliondoka alfajiri. Kwa muda mrefu nchi ilikuwa kavu, nyasi rangi ya mkate, vumbi likiingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kisha, baada ya mchana, mbele yetu mbingu ikabadilika. Kwetu mvua inatoka mlimani, unaiona ikikusanyika, unapata muda wa kuanua nguo. Hii ilikuwa ukuta. Ilisimama upande wa bahari, rangi ya bilinganya, na basi likaendelea kuielekea kama lisiloona.

Kwanza hewa ikawa nzito, na nywele zangu zikaanza kujikunja. Chumvi ya mayai tuliyonunua njiani ikakataa kutoka kwenye karatasi yake. Minazi ikatokea, ya kwanza nikaihesabu kwa furaha ya mshamba, kisha ikawa mingi. Halafu matone, makubwa, ya vuguvugu, moja moja, kama mtu anayejaribu ngoma kabla ya kupiga. Na mara dirisha likatoweka. Dereva akapunguza mwendo mpaka tukawa tunatembea. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikimbia pande zote mbili za barabara, yakibeba viatu, makuti, na beseni zima lililoelea kwa heshima zake.

Mbele yetu wasichana wawili wa shule walishuka kituoni, wakavua viatu, wakaenda wakirukaruka ndani ya maji, wakicheka. Niliwatazama mpaka walipopotea. Walikuwa nyumbani kwao ndani ya mvua ile. Hata hilo lilinichoma.

Kwenye feri ya Likoni tulisimama kati ya mamia ya watu, mabegi ya Mama Gloire kichwani mwa vijana wawili. Nilikuwa nimengojea bahari maisha yangu yote. Nilikuwa na maneno tayari. Ilikuwa ya kahawia, imepondwa na mvua, na upande wa pili hauonekani. Sikuweza kutumia hata neno moja kati ya yale niliyokuja nayo.

Likoni

Nyumba ya Bi Mwanaisha haikuwa ngumu kupata. Kila mtu alijua mahamri yake. Yeye mwenyewe alikuwa barazani, chini ya ukingo wa mabati, anakaanga, buibui amelipandisha mpaka magotini kwa ajili ya maji yaliyopita uani. Sisi tulikuwa tumelowa kama tumeokotwa.

"Hodi," alisema Mama Gloire. "Huyu kijana Kambale anaishi hapa?"

"Karibuni, wanangu, ingieni msimame hapa. Kambale aishi hapa, chumba kile cha nyuma. Lakini saa hii hamumpati. Yuko ghalani tangu asubuhi. Masika imemshika."

Mama Gloire alinitazama. Mimi nilitazama mafuta yakichemka.

"Imemushika," alirudia.

"Imemshika hasa! Hali, halali. Mwaka huu imechelewa, halafu imekuja na ghadhabu. Juzi imeingia mpaka chumbani kwake."

Mama Gloire alikifungua kiti chake cha buluu, akakiweka nyuma yangu, nikakalia. Yeye alibaki wima.

"Chumbani?"

"Mpaka kitandani, mama. Godoro lote limeharibika. Maskini, alikaa juu ya meza na simu yake mkononi, acheka tu. Afanye nini?"

Pale Mama Gloire alifungua kilemba chake, akakikamua, akakifunga kiunoni. Mnaojua wanawake wetu mnajua maana ya kilemba kiunoni.

"Na weye mama, ndani ya nyumba yako, ulikuwa unaangalia tu?"

"Ningefanya nini, mwanangu? Si ya Mungu hiyo? Mimi nimeizoea, kila mwaka yaja. Nayo mwaka huu tuliiombea dua, msikiti mzima, ndiyo ikaja."

"Wanamuombea dua!" Mama Gloire aligeuka kwangu, mikono juu. "Espe, unasikia? Msikiti muzima!" Kisha akamgeukia tena Bi Mwanaisha, sauti imeshuka, ambayo kwake ilikuwa hatari zaidi. "Mama, nakuheshimu. Uniambie tu. Huyo Masika iko wapi saa hii?"

Bi Mwanaisha aliacha kijiko. Alitazama kilemba kiunoni, akatazama sketi yangu inayotiririka, akatazama kiti cha buluu. Kisha akanyoosha mkono nje ya ukingo wa mabati, kiganja juu, na kiganja kikajaa maji papo hapo.

"Hii hapa," alisema. "Kwani nyinyi mmekuja na nini, jua?"

Mvua ilisema yenyewe juu ya mabati.

"Masika ni... mvula?" aliuliza Mama Gloire.

"Ni mvua, mama. Mvua kubwa za mwaka. Kaskazi ikikoma, kabla kusi haijashika, ndiyo masika. Kwenu yaitwaje?"

Mama Gloire alishika nguzo ya baraza. Kicheko kilimtoka tumboni, kikapanda, kikamwinamisha, akajifuta macho kwa kilemba. "Miye! Miye Masika! Nimetoka Kongo kuja kupiga mvula!" Bi Mwanaisha alipoelewa, naye akacheka mpaka hamri moja ikaungua.

Mimi sikucheka. Mtashangaa. Nilipaswa kufurahi: hapakuwa na shingo, hapakuwa na kanga. Lakini zile sauti tatu zilikuwa bado kichwani mwangu, na sauti ya mtu haidanganyi. Kambale alikuwa amependa kitu. Kujua kwamba kilikuwa mvua hakukuniponya.

Ghalani

Kambale alikuwa juu ya ngazi, anafunga bashi la turubai chini ya paa linalovuja. Aliponiona aliteremka haraka, rangi imemtoka.

"Espe? Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi nini?"

Mama Gloire alimweleza. Alieleza kwa mikono, kwa kilemba, akaigiza ofisa wa mpakani na Bi Mwanaisha. Kambale alicheka, wapagazi wakacheka, na nadhani panya wa ghalani nao walicheka. Kisha Mama Gloire akaenda kuulizia kontena lake, akaambiwa mvua imesimamisha kazi, akarudi kwa Bi Mwanaisha kula mahamri na mbaazi. Sisi wawili tukabaki na magunia.

Nilikaa Likoni siku kadhaa, na kila siku nilikwenda naye ghalani. Tuliinua magunia kutoka sakafuni, tukayaweka juu ya mbao, tukayasogeza mbali na ukuta unaotoa jasho. Kambale alichukua punje hapa na pale, akaziuma. Ikivunjika kwa mlio, ni kavu. Ikikubali jino kimya kimya, ni hatari. Gunia linatolewa, linatandazwa mahali penye hewa. Kahawa iliyovumilia barabara zetu zote ingeweza kuota ukungu hapo mlangoni pa meli, na jina la mjomba likaota nalo. Kweli hakuwa na nafasi.

Lakini wakati wa kupumzika alikaa mlangoni, akitazama nje, na alinisimulia. Jinsi upepo wa kaskazi ulivyochoka. Jinsi zilivyokuja siku ambazo upepo haukujua uende wapi, nao watu wa hapa wanaziita maleleji. Jinsi bahari ilivyobadilika rangi kutoka upande mmoja, kama kitambaa kinachochovywa. Jinsi mvua ilivyoonekana ikitembea juu ya maji, na watu wakatoka nje kabla haijawafikia, wakaingoja wamesimama.

Mtu wa kahawa! Mtu ambaye ujumbe wake wa mapenzi ulikuwa "umekula?" Pwani ilikuwa imempa jina la kila upepo, na alikuwa anayataja moja moja kwa upole ambao mimi, mwandishi, sikuwahi kumpa wala kupewa.

"Mujomba anataka nibakie huku," alisema siku moja, bila kunitazama. "Anatafuta mutu wa kudumu. Tungeishi siye wawili. Ungeandika. Ungekuwa na bahari."

Ndilo lilikuwa neno lenyewe, lile lililokuwa limejificha nyuma ya sauti tatu. Niliwaza ukumbi wetu wa Jumamosi, mama yangu na kitenge chake, lugha yetu ambamo mama na sufuria wote iko. Nikamuuliza jinsi tunavyoulizana kwetu, bila kuzunguka:

"Kambale, unanipenda miye ao unapenda mvula?"

Naye, kabla ya kujibu, akatazama juu angani.

Nilisimama. Nilitafuta viatu vyangu. Nadhani ningetembea mpaka Bunia kwa miguu.

"Ngoja," alisema. "Ni paa! Nimeangalia paa, inavuja tena! Espe, kuja uone kitu."

Alinipeleka mwisho wa ghala, kwenye gunia moja lililowekwa kando, halijafungwa vizuri. Lilikuwa gunia la kwanza alilofika nalo, la kutoka kilimani Kpandroma. Akalifungua, akainama, akatia uso wake wote ndani, kama mtu anayenawa. Alipotoka alikuwa na maganda kwenye nyusi.

"Mvula ikipita siku nyingi, nakuja hapa," alisema. "Iko inanukia kwetu. Inanukia ile moshi ya asubuhi, na udongo. Nakaa hivi mpaka niweze kurudia kazi. Usiambie wapagazi."

Niliinama nami nikatia uso. Ilikuwa kweli. Palikuwa na moshi, udongo mwekundu, na kitu fulani kama sweta la mtu. Nilibaki humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwanza kwa sababu nililia, pili kwa sababu nilikuwa nimeanza kulionea wivu gunia.

"Mwambie mjomba wako hapana," nilisema kutoka ndani.

"Nitamwambia. Lakini kahawa lazima ipande meli. Masika ikiondoka, na miye narudia. Ni maneno yaleyale nilikuambia."

"Ni yaleyale," nilisema. "Tatizo ni hilo."

Kurudi

Nilirudi peke yangu, kwa sababu darasa ninalofundisha lilikuwa linaningoja na kontena la Mama Gloire bado halijatoka. Njia ya kurudi ni fupi siku zote. Nairobi nilikunywa chai kibandani palepale. "Yaya wa Kongo!" aliniita yule dada, akicheka, na safari hii nilikuwa mimi yaya. Ziwa lilikuwa na hasira tena, tukangoja tena, na nahodha aliponiona alisema, "Dada, leo siyo weye ndiye umekasirika?" Nikamwambia, kidogo tu.

Bunia ilininyeshea mvua ya mlimani, mvua yetu isiyo na jina la pekee, tunayoiita mvula tu. Nilisimama uani nikaiacha initwange. Mama yangu alitoka na mwavuli akidhani nimepata ugonjwa.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, ninatazama kwenye telefoni hali ya hewa ya mji ambamo siishi. Mawingu, mvua, mvua kubwa. Ninajua kusi imeanza kusukuma au bado. Hakuna mke aliyemchunguza mwanamke mwingine kwa makini kama ninavyoichunguza mbingu ya Mombasa.

Juzi Mama Gloire alipita nyumbani, ametoka safari, kiti chake cha buluu kimepata ufa. Tulikuwa tunakunywa kahawa sauti ilipoingia. Niliiacha icheze wazi, asikie naye.

"Espe. Meli imepakia. Mujomba amekasirika, lakini nimemwambia. Masika imeondoka. Niko Kampala."

Niliicheza mara ya pili. Nilikuwa nalia na kucheka, na Mama Gloire alinipigapiga mgongoni, akameza kahawa yake yote, kisha akasema kwa utulivu wa mtu anayejua mila zake:

"Imeondoka, ndiyo. Lakini itarudia, binti. Nyumba ya Munande, mutoto mwanamuke wa kwanza ni Masika. Utake, usitake."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nililiona mara moja, lote: mlango, Kambale anaingia kutoka kazini, na kabla hajanisalimu mimi anaita jina lile, kwa ile sauti, ile aliyoitumia mlangoni pa ghala kutaja kila upepo. Na kutoka ndani kuna mtu anakimbia, mwenye shingo ndefu, akicheka.

Hajazaliwa bado, ndugu zangu, na tayari namwonea wivu.